Ufunguo wa Tatu

Tk. Kimya. Tk.

Mama Kidoti alifumbua macho gizani na hakutikisika. Ndivyo alivyozoea kuamka: macho kwanza, masikio yafuate, mwili ubaki ulivyo kama kitu kilichosahauliwa kitandani. Alizuia pumzi akasikiliza. Tk. Si kiatu. Si mkono kwenye kitasa. Ni kitu kidogo, kinachojirudia bila hasira. Alihesabu mpaka kumi, kisha akacheka kimoyomoyo kwa aibu. Ni bomba. Bomba la sinki lake mwenyewe, ndani ya chumba chake mwenyewe, lilikuwa linavuja kwenye beseni.

Pembeni yake mwanawe alikuwa amelala chali, mikono juu, mdomo wazi, kale kadoti keusi kalikompa jina kakionekana juu ya mdomo kila taa ya nje ilipopenya pazia. Miaka sita. Alikuwa amelala kama mtoto wa watu wengine, wale wasio na shida.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya nne katika chumba hicho. Kabla ya hapo walikaa mwaka na nusu katika nyumba ya mpito, nyumba yenye geti refu lisilo na kibao, ambako wanawake saba na watoto wao waliishi baada ya kukimbia waume waliozungumza kwa ngumi. Pale mtu alipewa kitanda kwanza, halafu wakili, halafu ufundi wa kumlisha. Yeye alipewa cherehani. Msimamizi wao, ambaye wote walimwita Shangazi, hakuwa na maneno matamu. "Hapa mnapita," alikuwa akisema. "Nikikuona umezoea sana, najua sijafanya kazi yangu."

Siku ya kuondoka Shangazi alimpa zawadi ambayo nyumba ile humpa kila anayetoka: kitasa kipya cha mlango, na funguo mbili.

"Mmoja uvae shingoni," alimwambia. "Mwingine ushone ndani ya mto. Hata mimi nikikuomba, ninyime."

Kitasa chenyewe, pamoja na funguo zake, alikabidhiwa Fundi aje akifunge chumbani.

Fundi alikuwa mchonga funguo, na alikuwa mwanamume pekee aliyeruhusiwa kuvuka geti lile, kwa sababu kila mwanamke alipohama vitasa vilibadilishwa. Alichongea barazani, mbele ya macho ya Shangazi, akamhesabia funguo kiganjani, akafagia hata unga wa chuma ulioanguka. Lakini si hayo yaliyomfanya Mama Kidoti amwangalie mara ya pili. Ni kukohoa. Kila alipokaribia kona ya nyumba, mtu yule alikohoa kidogo, makusudi, ili mwanamke aliye upande wa pili asishtuke. Hakuna aliyemwagiza. Mama Kidoti alikaa miezi mitatu akisikiliza kile kikohozi kabla ya kumjibu salamu yake kwa zaidi ya neno moja.

Sasa ndoa yake ya zamani ilikuwa imekwisha mbele ya hakimu, kazi ya kushona anayo, chumba anacho, na Fundi alikuwa amemuuliza kama angekubali waoane. Alimwomba muda mpaka Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Alilala pale gizani, bomba likidondoka, akajaribu kulitamka jibu bila sauti, kwa midomo tu. Ndiyo. Likakaa vizuri mdomoni. Akalirudia.

*

Kibanda cha Fundi kilikuwa njiani, kati ya shule ya chekechea na karakana ya sare alikofanya kazi. Baada ya kumwacha Kidoti, alipita pale huku akijidai ana haraka.

"Macho mekundu," alisema Fundi. Alizima mashine yake. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na ubao mkubwa uliojaa misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo wenye namba. Mama Kidoti alikuwa ameuona ubao ule mara nyingi, kama unavyoona kalenda ya mwaka jana.

"Bomba halikunilaza."

"Linavuja?"

"Linahubiri. Usiku kucha, neno moja."

Fundi akacheka, macho yake yakabaki usoni mwake muda mrefu kidogo kuliko kicheko. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anayesikiliza. Mama Kidoti aliona uso unampata moto, akajifanya anarekebisha mkoba.

"Hiyo ni raba tu imekufa. Nije jioni?"

"Jumamosi. Nikiwepo."

"Jumamosi ni mbali."

"Ni keshokutwa, Fundi."

"Kwako wewe. Mimi ninayesubiri jibu, naona mwaka."

"Utasubiri," alisema, na akaondoka upesi ili asije akatabasamu mbele yake na kumpa jibu bure.

Karakanani, jirani yake wa cherehani alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kwa kazi yake ya kushona vifungo kutwa nzima waliishia kumwita Vifungo. Hakuinua hata kichwa.

"Umepitia kibandani."

"Nani kasema?"

"Kola umeishona upande wa nje. Ya pili hiyo. Mchumba mwingine mmoja na tutafilisika."

"Acha uchokozi, dada."

"Mimi sichokozi. Nauliza tu kama huyo mtu ana kaka."

Walicheka mpaka msimamizi akagonga meza kwa rula.

Saa ya mapumziko simu ikaita. Ni mama yake. Alitoka nayo uani, akasimama kati ya marobota ya vitambaa.

"Nimesikia umehama kwa hao wanawake," alisema mama.

"Ndiyo, mama. Nina chumba."

"Chumba. Mtu mzima, mama wa mtoto, amekaa chumbani peke yake kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Mwenzio alikuja hapa juzi. Amekonda. Alilia mpaka nikamwonea huruma."

"Alinivunja mkono, mama."

"Mkono ulipona."

"Ulipona. Mvua ikikaribia naujua kabla ya mawingu."

Mama alivuta pumzi. "Na huyo mchonga funguo, familia yake nani anaijua? Yule wa kwanza angalau tunamjua. Mimi si nilivumilia kwa baba yako? Nilikufa?"

"Ulivumilia, mama. Na mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda, nasikia unavyovumilia."



"Ulikuwa mdogo," alisema mama, kwa sauti nyingine kabisa. "Nilijua umelala."

"Sikuwa nimelala hata mara moja."

Mama akakata simu bila kuaga. Mama Kidoti alirudi kwenye cherehani, akashona kola thelathini bila kukosea, bila kuongea. Vifungo alimwangalia mara moja, akamsogezea chupa yake ya maji, akaacha utani.

*

Jioni walirudi, yeye na Kidoti, mkono kwa mkono, Kidoti akimsimulia juu ya mtoto mmoja aliyekula chaki. Jua lilikuwa halijazama sawasawa lakini ndani ya ile korido ya nyumba ya kupanga kulishakuwa na giza. Mama Kidoti alitoa ufunguo shingoni, akautia kwenye kitasa, akauzungusha.

Haukuzunguka.

Akajaribu tena, na mkono wake ukajua kabla ya kichwa. Haukuzunguka kwa sababu hapakuwa na cha kufungua. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Chini yake, kwenye sakafu, kulikuwa na mstari wa mwanga.

Alihisi vidole vya mtoto vikichomoka mkononi mwake. Kidoti hakulia, hakuuliza. Alikimbia kwa ncha za vidole mpaka mwisho wa korido, akajibanza nyuma ya pipa la maji, akachuchumaa, akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa hajafanya hivyo tangu alipokuwa na miaka minne, na alifanya kana kwamba ni jana.

Mama Kidoti aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa mkasi wa kazini, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Alisukuma mlango kwa mguu.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya sinki, mgongo kwake, akipiga mluzi. Spana ilikuwa sakafuni juu ya gazeti. Bomba lilikuwa kimya. Na ukutani, juu ya meza, palikuwa na shelfu mpya ya mbao, imepigwa vanishi, vikombe vyake vyote vinne vimepangwa juu yake.

"Ah," alisema Fundi akigeuka, uso wote umechanua. "Mmewahi. Nilitaka mkute nimeshamaliza. Karibuni nyumbani."

Kisha akauona mkasi, na tabasamu likamwisha.

"Umeingiaje?"

"Ni mimi, Mama Kidoti."

"Naona ni wewe. Umeingiaje?"

Alisimama taratibu. Alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo mmoja, mpya, umefungwa uzi mwekundu. Aliuweka juu ya kiganja akauonyesha kama mtu anayeonyesha kitu alichookota na anataka kukirudisha.

"Huwa nachonga wa tatu," alisema. "Kwa kila mteja. Watu wanapoteza, wanakuja kwangu usiku wanalia, nautoa kwenye ubao. Ni desturi yangu, hata wewe umeona ubao."

"Ulichonga lini?"

"Kabla sijaja kukifunga. Kibandani."

"Shangazi alikupa kitasa na funguo mbili."

"Ndiyo."

"Na mimi ulinikabidhi funguo mbili. Ukanihesabia. Moja, mbili. Nikakushukuru."

Mama Kidoti aligundua bado ameshika mkasi. Aliuweka mezani, lakini upande wake wa meza.

"Kule kwa Shangazi ulikuwa unachonga mbele yake. Ulifagia hata unga."

"Kule ni sheria ya nyumba. Kule kuna watu wanatafutwa. Hapa nilidhani ni tofauti."

"Tofauti kwa nini?"

"Hapa ni sisi."

"Sisi tulianza lini, Fundi? Mimi nilikuambia Jumamosi. Nikakuambia nikiwepo. Asubuhi hii hii."

"Ulisema bomba halikulazi." Sauti yake ilianza kuvunjika. "Nimefunga kibanda saa nane. Nimefunga kibanda, mimi ambaye sifungi hata nikiugua. Nikasema, arudi amechoka, akute kumetulia. Kosa langu ni hilo?"

Alimtazama. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Wiki mbili nzima alikuwa ameutamani uso huu, alikuwa amelala akiuwaza, na sasa ulikuwa mbele yake, ndani ya chumba chake, hatua tatu kutoka kitandani kwake, na mwili wake wote ulikuwa unahesabu umbali wa mlango.

"Nikusimulie," alisema. "Mara ya kwanza nilipomkimbia baba Kidoti nilipanga chumba jirani na binamu yangu. Mume wangu alikwenda kwa mwenye nyumba, mpole kabisa, akaomba ufunguo wa akiba. Eti anataka kumpa mkewe zawadi. Akapewa. Niliporudi kazini nilimkuta amefunga kanga kiunoni, anapika. Meza imeandaliwa. Nikala, Fundi. Nilikaa nikala, nikamwambia ni kitamu. Huo ndio usiku alionivunja huu mkono."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kisha akasimama haraka kana kwamba kitanda kimemuunguza.

"Mimi si yeye."

"Najua. Ndiyo maana naongea na wewe. Ungekuwa yeye ningekuwa nimeshafika barabarani."

"Sijawahi kukuinulia hata sauti."

"Hujawahi. Na umeingia kwangu nisijue. Yote mawili ni kweli."

"Unaniweka mizani moja na mtu aliyekupiga."

"Sikuweki popote. Nakuambia mimi nilivyo." Alinyoosha mkono. "Lete."

Alimpa. Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wake.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Kwenye ubao?"

"Hakuna. Naapa kwa mama yangu."

Alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alimwamini kabisa. Lakini alipouangalia ule uzi mwekundu aliona pia kuwa hana njia yoyote ya kujua. Kwa siku nne alikuwa amejilaza nyuma ya mlango ule akijua funguo ziko mbili, na zilikuwa tatu.

"Kitasa lazima kibadilishwe," alisema.

"Nitakibadilisha kesho asubuhi, kabla hujaenda..." Fundi akanyamaza katikati ya sentensi. Wote wawili walisikia kwamba fundi wa kitasa kipya angekuwa yeye yule.

"Mtaa mzima mchonga funguo ni wewe," alisema Mama Kidoti, na akacheka kidogo, kicheko kichungu kama dawa. "Nitanunua dukani kikiwa kwenye boksi lake. Bisibisi ninayo."

"Hujawahi kufunga kitasa."

"Nitakifunga vibaya. Kitakuwa kibaya changu."

Fundi alianza kukusanya vitu vyake. Spana, koleo, gazeti. Aliondoa takataka zote sakafuni, kwa mkono, chembe kwa chembe, kama alivyofanya siku zote barazani kwa Shangazi. Mama Kidoti aliuma mdomo asije akamwambia aache. Alitaka kumfuta ule unga kwenye nyusi. Alitaka mtu yeyote amrudishe asubuhi, pale kibandani, ili amwambie jibu palepale, kabla ya saa nane.

"Na hiyo shelfu?" aliuliza Fundi bila kumwangalia. "Niing'oe?"

"Iache. Utatoboa ukuta mara mbili."

"Na Jumamosi?"

Hakuwa na haja ya kumwambia. Angeweza kunyamaza, ingekuwa huruma. Lakini alikuwa amenyamaza miaka mingi katika nyumba nyingine, na alikuwa ameapa.

"Jumamosi ilikuwa ndiyo," alisema. "Niliamua leo alfajiri. Nilikuwa nalisikiliza hilo bomba."

Begi la vifaa liliteleza mkononi mwa Fundi likagonga sakafu. Alilitazama tu.

"Basi iwe ndiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekosea. Nimekubali nimekosea. Nipige hata faini. Sema nikohoe miaka mitano mlangoni, nitakohoa."

"Wewe uliyekuwa unakohoa," alisema yeye, na hapo machozi yakamtoka. "Kwa wanawake wote wa ile nyumba ulikohoa. Kwangu tu ndipo ulipoona haina haja."

"Kwa sababu nakupenda."

"Ndiyo. Ndiyo maana naogopa."

Fundi aliinua begi, akatoka koridoni, na yeye akamfuata mpaka kizingitini, si kwa kumsindikiza, bali kwa sababu ghafla alimkumbuka mwanawe.

"Kidoti," aliita. "Toka, mama. Kumeisha."

Nyuma ya pipa kitu kilisogea. Kidoti alitoka polepole, sketi ya shule imelowa maji kwa nyuma, viganja bado karibu na mdomo. Fundi alimwona, akaliona pipa, akaiona ile sketi, na begi lake likashuka chini lenyewe. Alikuwa hajui. Muda wote ule alikuwa akibishana juu ya ufunguo na hakujua mtoto yuko wapi.

Akapiga magoti kwenye sementi. Walikuwa marafiki, hawa wawili. Alimfundisha kupiga mluzi. Jumapili iliyopita Kidoti alimlalia begani mpaka akamdondoshea mate shati, na Fundi hakusogea saa nzima.

"Kidoti," alisema kwa upole. "Ni mimi. Nilikuja kutengeneza bomba tu. Wewe unanijua, si ndiyo? Mwambie mama. Mwambie ulijua ni mimi."

Mama Kidoti alitaka kuingilia, asimtwike mtoto mzigo huo, lakini Kidoti alishateremsha mikono. Alimtazama mama yake. Akamtazama Fundi, muda mrefu, kwa macho ya mtu anayempenda. Kule kwa baba yake mtoto huyu hakuwahi kulisema jambo hili wazi. Alilinong'ona sikioni mwa mama yake au alilala nalo. Safari hii alilisema kwa sauti, kila mlango wa korido ukisikia:

"Na mimi nilikuogopa."